Bonge Azuiwa Mlangoni kwa Kukosa Tumbo

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, mlinzi wa ukumbi wa harusi alimzuia mshereheshaji kuingia kwa sababu hakufanana na picha yake. Picha hiyo ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye geti: mwanaume mnene mwenye suti nyeupe, kipaza sauti mkononi, tumbo limetangulia, na chini yake maandishi mekundu, MC BONGE, MVUNJA MBAVU. Aliyesimama mbele ya picha alikuwa amevaa suti ileile, imepunguzwa na fundi, lakini kola bado ilikuwa inamzunguka shingo bila kuigusa. Alionyesha kitambulisho. Mlinzi alikitazama, akaitazama picha, akasema kitambulisho mtu anaweza kuokota. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la kinyozi, kuna benchi la mbao, na watatu waliokuwa wamekaa hapo waliona yote: Kinyozi, mwenye benchi, Dokta, ambaye hajawahi kumtibu mtu, kazi yake ni kutengeneza mafriji, na Bi Birika, ambaye huuza kahawa hapo na hukatisha mabishano anapochoka kuyasikia. Mshereheshaji alivuka barabara, akaketi katikati yao.

— Nimefukuzwa, alisema.

— Tumeona, alisema Kinyozi. Tukadhani ni mtu wa maua.

— Wewe si umeninyoa juzi tu!

— Nimekunyoa kichwa. Kichwa nakijua vizuri. Nilipokiona kule kwa mbali, juu ya huo mwili, nikasema huyu jamaa kakiazima.

Bi Birika alicheka mpaka akaliweka birika chini. Kisha akalinyanyua, akajaza kikombe, akampa.

— Kunywa kwanza, mwanangu. Nikutilie sukari?

— Hapana, mama. Asante.

— Ndiyo maana, alisema Dokta.

— Ndiyo maana nini?

— Ndiyo maana umezuiwa. Bonge ninayemjua mimi angesema vijiko vitatu, na kimoja cha njiani.

— Dokta, acha mambo yako, alisema Bi Birika. Mtu kafukuzwa kazini kwake.

— Kwani mimi nimemfukuza? Mimi nasema yule mlinzi ana macho. Mngemlaumu kama angemruhusu aingie.

— Wapigie simu wenye harusi, alisema Kinyozi. Si wao waliokukodi? Mpigie bwana harusi aje mlangoni aseme, huyu ndiye.

Mshereheshaji alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

— Bado mapema.

— Mapema gani? Wageni hao wanaingia!

Ilikuwa kweli. Mbele ya geti magari yalikuwa yanashusha watu waliovaa nguo za kung'aa, na kila aliyepita alimnyooshea kidole Bonge wa kwenye picha, akatabasamu.

Bi Birika alimgeukia mshereheshaji.

— Wewe hutaki kuingia.

— Mama, si kwamba sitaki.

— Sijakuuliza. Nakwambia. Mtu anayetaka kuingia mahali hasemi bado mapema. Ulipofukuzwa pale nilikuona mabega. Yalishuka kama umetuliwa mzigo.

 Mshereheshaji alikizungusha kikombe mkononi.

— Nilifurahi kidogo, alisema. Aliponizuia. Kidogo tu.

— Ehe. Sema sasa.

— Wiki iliyopita nilikuwa na harusi mtaa wa pili. Nikapanda jukwaani. Nikaanza kama ninavyoanzaga siku zote: jamani nileteeni viti viwili, kimoja changu, kimoja cha tumbo. Unajua walifanya nini?

— Walicheka, alisema Kinyozi. Ule utani hata mimi kwenye harusi yangu ulinimaliza.

— Walinitazama. Ukumbi mzima. Halafu mtu mmoja nyuma kabisa akauliza kwa sauti: tumbo gani?

Kinyozi alicheka kwa nguvu, kisha akaziba mdomo.

— Samahani, kaka.

— Cheka tu. Na wao hapo ndipo walipocheka. Walichekeshwa na yule wa nyuma. Baadaye wakati wa keki mama mmoja akamuuliza mwenzake, nikiwa nasikia: yule Bonge mwenyewe anakuja saa ngapi?

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia yuko njiani.

Bi Birika alimwongezea kahawa.

— Nimekaa nikapiga hesabu, aliendelea. Utani wangu wote uko tumboni. Viti viwili, tumboni. Lifti iliyokataa kupanda, tumboni. Suruali iliyochanika siku ya mahafali, tumboni. Keki inayonikimbia, tumboni. Tumbo limeondoka na kazi yangu. Na leo nikiharibu tena, nimekwisha. Watu wa harusi wanajuana. Mmoja akisema yule siku hizi hachekeshi, habari inafika kila ukumbi kabla sijavua suti.

— Sasa ulikondea nini, na ndiyo kazi yako? aliuliza Dokta. Mimi nikianza kuogopa umeme, natengenezaje friji?

— Magoti, Dokta. Kuna harusi moja nilishindwa kushuka jukwaani. Wapambe walinibeba, mmoja huku, mmoja huku. Ukumbi ukapiga makofi ukidhani ni sehemu ya onyesho. Nikapunga mkono. Nikafika kwenye gari nikalia.

— Ndiyo mkaanza kutembea na mkeo, alisema Bi Birika. Nilikuwa nawaona alfajiri nikija kuwasha jiko. Yeye mbele, wewe nyuma, kama anakuvuta kwa kamba.

— Alikuwa ananivuta kweli. Kwa maneno. Mke wangu ana maneno, mama, hata gari bovu lingewaka.

— Na sasa?

— Sasa mimi niko mbele. Yeye ndiye anasema ningoje.

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu avuke barabara. Kisha, bila kuombwa, aliinama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akazifunga upya, akainuka. Hakushika ukuta, hakuguna. Wote watatu walikuwa wanamtazama.

— Mmeona?

— Tumeona nini? aliuliza Dokta.

— Nimefunga kamba za kiatu mwenyewe! Miaka yote nilikuwa navaa vile vya kuchomeka mguu tu, nikiulizwa nasema ndio mtindo. Na jambo lingine niwaambie leo, lakini lisitoke hapa. Mnakumbuka nilivyokuwa nasema, DJ, hebu tupate muziki kidogo?

— Si ratiba ile? aliuliza Kinyozi.

— Ratiba gani! Pumzi ilikuwa imekwisha.

Kinyozi alisimama.

— Kumbe! Harusi yangu ilikuwa muziki, muziki, muziki. Baba mkwe wangu hakupata hata nafasi ya kutoa nasaha. Mpaka leo ananinunia akidhani mimi ndiye niliyepanga!

— Ngazi za ukumbi wenu zilikuwa ndefu, kaka. Nisamehe.

— Nisamehe? Nakushukuru! Yule mzee akianza nasaha hamalizi.

Walicheka wote wanne, na mlinzi ng'ambo ya barabara akageuka kutazama.

— Nyumbani je? aliuliza Bi Birika. Wamezoea?

— Mtoto bado. Yule mdogo alikuwa analala juu ya tumbo langu tukitazama taarifa ya habari. Siku moja kaja, kaweka kichwa, kakigeuza hivi, kakigeuza hivi, akaniuliza: baba, mto wangu umeuweka wapi?

— Maskini!

— Mke wangu akamwambia umechakaa tumeutupa. Akalia. Mimi nikataka kucheka, nikajikuta na mimi nalia, mama mtu naye akalia, tunalilia tumbo nyumba nzima. Na godoro ndilo balaa. Lina shimo langu la zamani. Nikilala humo najiona kama mgeni aliyepewa kitanda cha mtu aliyesafiri. Tazama na hii.

Aliwaonyesha pete ya ndoa. Upande wa ndani ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi ili isichomoke.

— Mtaani huko usiseme, aliendelea. Watu walikuwa wananisalimia tumbo kwanza. Mtu anakuja, ananitia kidole hapa, ndiyo anasema habari. Sasa anakuja na kidole kimenyooka, anakuta hakuna kitu, kidole kinabaki hewani. Hajui akipeleke wapi. Tunabaki tunatazamana.

 Dokta aliweka kikombe chini.

— Mimi nimeshajua tatizo, alisema.

— Tumekwisha, alisema Kinyozi.

— Sikilizeni. Friji tupu halishiki baridi. Muulizeni fundi yeyote. Lijaze vitu, umeme ukikatika baridi inakaa. Liache tupu, ukifungua mlango tu, baridi yote inamwagika sakafuni. Bonge alikuwa amejaa. Kicheko kilikuwa kinatunzwa humo. Sasa akifungua mdomo kinatoka chote mara moja, watu hawawahi kukipata.

— Kwa hiyo dawa yake?

— Aseme harakaharaka na afunge mdomo.

— Hebu niondolee, alisema Kinyozi. Tatizo si yeye, ni mtaa. Mtaa huu una kilo zake. Hazipungui, zinahama. Bonge alipoanza kupungua, nani ameongezeka? Angalieni vizuri hapa kwenye benchi.

Wote walimtazama Dokta, na Dokta akavuta shati lake.

— Hii ni nguo imerudi baada ya kufuliwa.

— Ni kilo za Bonge hizo. Zilitoka kwake alfajiri akipita hapa, zikatafuta mtu wa kwanza aliyekaa. Nani hukaa hapa asubuhi na jioni?

— Na kama ni hivyo, alisema Dokta bila kuchelewa, basi na utani wake umehamia kwangu. Nipandishwe mimi jukwaani.

— Hapana. Mafuta ndiyo yamehama. Utani umekupita, ulikuwa na haraka.

— Nyie wote hamjui, alisema Bi Birika. Hili ni jambo dogo. Ukumbi unataka Bonge. Mlinzi anataka Bonge. Picha ni ya Bonge. Hapa tumekaa na mwanangu mwembamba. Si tumtengeneze Bonge?

— Tumtengeneze kwa kitu gani?

— Kinyozi, una mataulo mangapi humo ndani?

Kinyozi alimtazama Bi Birika, akamtazama mshereheshaji, akaingia dukani mbio.

Wakati huo alikuja mwanamke kutoka upande wa ukumbi. Alikuwa mnene, amevaa gauni la zambarau la wanandugu wa bwana harusi, viatu vya visigino kavishika mkononi, anatembea peku kwenye lami kwa uangalifu. Alisema hodi, akaomba kikombe. Alipoketi, benchi lililia na upande wa Dokta ukanyanyuka. Dokta alisogea kimya kimya. 

— Karibu, dada, alisema Bi Birika. Umeikimbia harusi?

— Nimevikimbia viatu. Mimi leo nimekuja kucheza, lakini hivi viatu havijaja kucheza. Bwana harusi ni mpwa wangu. Shangazi mtu nikikaa kwenye kiti, nitasemwa mwaka mzima.

Kinyozi alitokea mlangoni na mzigo wa mataulo, akasita.

— Endeleeni na kazi yenu, alisema Shangazi. Mimi siko hapa. Nakunywa kahawa.

Mlango wa duka uliachwa wazi, na kazi ikafanyika mbele ya kioo cha kunyolea. Mataulo yalikunjwa na kupangwa chini ya koti, makubwa chini, madogo juu. Bi Birika alikuwa anaelekeza kutoka nje kama mpiga picha.

— Shusha kidogo. Tumbo la Bonge lilikuwa linaanzia chini. Hapo! Sasa mbele. Ongeza mbele.

— Limeenda kushoto, alisema Dokta.

— La kweli pia lilikuwa linaenda kushoto, alisema mshereheshaji kutoka chini ya mikono ya Kinyozi.

Dokta alileta kitambaa kile cha kumfunika mteja wakati wa kunyolewa, akakizungusha juu ya mataulo, akafunga kamba mgongoni kwa fundo alilosema ni la kubebea friji ghorofani. Koti likafungwa kifungo kimoja kwa shida. Mshereheshaji alitoka nje.

Alikuwa Bonge. Hata mwendo ulimrudia wenyewe, miguu imepanuka, mikono imekaa mbali na mwili.

— Jaribu kidogo tusikie, alisema Kinyozi.

Mshereheshaji alinyanyua kikombe kama kipaza sauti.

— Jamani! Kabla sijasema lolote, nileteeni viti viwili. Kimoja changu, kimoja cha tumbo. Na kama mna cha tatu kilete, leo nimekula kabla ya kuja!

Kinyozi alipiga magoti kwa kicheko. Dokta alisema ameponya mtu kwa mara ya kwanza. Bi Birika alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Shangazi alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Nenda sasa, alisema Bi Birika. Nenda kabla halijashuka.

Alivuka barabara. Gari lilisimama kumpisha na dereva akapiga honi mara mbili kwa furaha. Mlinzi alimwona akiwa bado mbali, akafungua geti lote.

— Bonge mwenyewe! alipaza sauti, na kijiweni walisikia kila neno. Afadhali umekuja. Kuna jamaa mmoja mwembamba alikuja hapa anajifanya wewe. Nimemfukuza!

— Umefanya vizuri, alisema mshereheshaji.

— Na suti kavaa kama yako! Watu hawana haya!

Mlinzi alicheka, akanyoosha kidole, akamtia tumboni. Mshereheshaji naye alicheka, kisha akasimama pale getini. Wageni wawili walimpita. Kisha, badala ya kuingia, aligeuka, akavuka barabara tena, akarudi kwenye benchi.

— Nini tena? aliuliza Kinyozi. Mlango si umefunguliwa?

— Amenitia kidole.

— Sasa? Si kawaida yao hiyo?

— Ndiyo. Ila leo kimeishia kwenye taulo. Hakikunifikia.

Aliketi kwa shida, tumbo mapajani.

— Nimekaa miaka yote nikitiwa kidole na watu nisiowajua, na mimi nacheka nao. Leo ndiyo mara ya kwanza nimecheka kweli, maana hakunigusa. Nilikuwa nyuma ya taulo. Halafu nikajiuliza, sasa niingie ndani nikamrudishe yule mtu wa kutiwa vidole? Nilikuwa naanza na viti viwili ili nisemwe na mdomo wangu mwenyewe, kabla hawajanisema wao. Ndivyo ulivyoanza ule utani. Shuleni. Hakuna aliyenifundisha.

Shangazi aliweka kikombe chini.

— Naomba niulize, alisema. Samahani, mimi si mtu wa kijiwe hiki.

— Uliza, dada.

— Harusi ya mpwa wangu mkubwa ulikuwa wewe. Nilikaa meza ya mbele, maana ndiyo ya wanandugu. Ukasema viti viwili. Watu wakacheka. Wakimaliza kukucheka wewe, wakageuka kunitazama mimi, kuona kama na mimi nacheka. Nikacheka. Leo pia nimewekwa meza ya mbele. Sikatai, utani ni wako na kazi ni yako. Nauliza tu, nijiandae. Ukisema viti viwili, mimi niangalie wapi?

 Kinyozi alichukua mashine yake ya kunyolea, akapuliza nywele ambazo hazikuwepo. Dokta, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anatazama barabara. Bi Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikafurika hadi kwenye trei, naye hakuona.

Mshereheshaji aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa taulo. Akampa Kinyozi. Akatoa la pili.

— Hili ulimnyolea nani? aliuliza. Linanichoma tangu getini.

— La mzee wa ndevu, alisema Kinyozi. Nilitaka kulifua.

— Ulitaka kulifua ukanifungia mimi?

— Lilikuwa kubwa!

Alitoa la tatu, lakini la nne likakwama. Kitambaa cha Dokta kilikuwa kimelibana.

— Dokta, fungua hili fundo lako.

Dokta alizunguka nyuma akavuta. Fundo halikutikisika. Akavuta kwa mikono miwili, mshereheshaji akarudi nyuma hatua tatu. Akajaribu kwa meno.

— Hili halifunguki hivi, alisema. Hili hufunguliwa friji likishafika juu.

— Sasa mimi nifike wapi?

— Tulia! Usiheme!

Kinyozi alikamata upande mmoja, Dokta upande mwingine, kila mmoja akavuta kwake, na mshereheshaji akazungushwa katikati, huku taulo likining'inia nyuma kama mkia. Mlinzi alikuwa ameacha geti anatazama. Bi Birika alikuwa anapiga kelele wakate kwa mkasi, Kinyozi anajibu kitambaa ni kipya, Dokta anasema fundo lake halijawahi kukatwa.

Shangazi alianza kucheka. Alicheka taratibu, akijizuia, kisha akashindwa. Alishika ukingo wa benchi, benchi likawa linatikisika naye, kahawa ikamwagika, kiatu kimoja kikaanguka barabarani, na bado anacheka, machozi yanateremka na wanja unafuata. Mshereheshaji alisimama katikati ya kuvutwa.

— Shangazi, alisema. Umechekeshwa na nini?

Aliuliza kama fundi anavyouliza bei ya mbao.

— Sijui! Shangazi alisema akihema. Huyu daktari wenu. Anavyoliambia fundo litulie.

— Nilimwambia yeye atulie, si fundo!

— Ulikuwa unaliangalia fundo!

Mshereheshaji alimtazama Dokta kwa muda.

— Dokta, wewe umewahi kualikwa harusi?

— Nani atanialika mimi?

— Nitakualika siku moja. Kaa karibu na jukwaa, usifanye kitu. Uwe tu wewe.

Kinyozi alileta mkasi akakata kamba bila kumuuliza Dokta. Kitambaa kikaanguka. Mshereheshaji alifunga koti lake, likarudi kuwa la mtu mwembamba. Bi Birika alimnyooshea kola kwa kidole kilicholowa kahawa, akaacha alama, akaifuta, ikazidi kuenea.

— Imeharibika, mwanangu.

— Iache tu, mama.

— Utaanza na nini?

— Sijui, mama. Nitajua nikifika.

Shangazi aliokota kiatu, akavifunga vyote viwili pamoja kwa mikanda yake, akavitundika begani. Akampa mshereheshaji mkono.

— Twende, baba. Muziki ukianza bila mimi watadhani nimenuna.

Walivuka barabara pamoja. Mlinzi aliwawekea mkono mbele.

— Mama, wewe pita. Lakini huyu ndiye yule wa uongo niliyekuwa nasema. Bonge wa kweli alikuwa hapa sasa hivi, amevuka kwenda kule.

— Akirudi, alisema Shangazi, mwambie tumeshapata mwingine.

Akampitisha mshereheshaji.

Kijiweni, Kinyozi alikunja mataulo yake. Dokta alizitafuta kamba zilizokatwa, akazipima, akasema zingeungwa. Bi Birika alimimina kahawa iliyobaki, ikatosha vikombe viwili na nusu, nusu akachukua yeye.

— Ataanza na mlinzi, alisema Kinyozi.

— Ataanza na mimi, alisema Dokta. Hamkusikia alivyoniambia?

— Nyamazeni, alisema Bi Birika. Wanamkaribisha.

Saa kumi na dakika chache, sauti ya mshereheshaji ilitoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi na kufika ng'ambo ya barabara. Aliwasalimu wazee, akawasalimu wazazi wa pande zote mbili. Kisha akasema jambo. Wakati huo lori la mabati lilikuwa linapita mbele ya benchi na kijiweni hawakusikia alichosema. Lori lilipokwisha kupita, ukumbi ulikuwa unacheka.